Onyo Lililomezwa

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Wenye methali walisema apone, lakini hao hawakuwahi kumkabidhi mgeni ufunguo wa programu inayofanya kazi kwenye maelfu ya mashine za watu wasiojuana. Wiebke Tjarks aliwahi. Miaka tisa nyuma kikundi chao cha waandishi wa programu kilimpa ufunguo mtu mpole, mwingi wa shukrani, asiyekosa "tafadhali" katika barua yoyote. Alipotoweka ndipo walipogundua ameacha ndani ya programu tundu la siri, na kuliziba kuliwala majira yote ya baridi. Tangu hapo mtu akimchekea sana Wiebke, Wiebke hushika mkoba.

Sasa alikuwa amekuja mwingine. Jaromir Vondrák, mtu wa Brno kule Ucheki, alianza kuwaandikia mwezi wa Januari. Hadi Julai alikuwa ameleta viraka, yaani marekebisho madogo, sitini na kitu, vyote safi, vyote vya kurasa za mwongozo. Hapo ndipo Wiebke alipoingiwa na shaka. Nani hupenda kurasa za mwongozo? Watu huandika programu ili wasifiwe. Kurasa za kueleza hiyo programu inatumikaje ni kama masufuria ya baada ya karamu. Wote wamekula, wote wametoweka. Yeye Wiebke aliyasugua masufuria hayo miaka kumi na mmoja kwa sababu hakuna mwingine aliyeyataka. Mgeni anayeingia karamuni akaenda moja kwa moja jikoni kuosha vyombo, ama ni mtakatifu, ama anatafuta visu vinawekwa wapi.

Kikundi kilikutana kila Jumamosi ya tatu ya Julai mjini Karlsruhe, Ujerumani, kwenye chumba kilicho juu ya karakana ya baiskeli ya Ansgar Bechtold. Mwaka huo saa kumi na moja, mbele ya kahawa na keki, wangepiga kura: Jaromir apewe ufunguo au asipewe. Mwenye ufunguo huandika ndani ya programu bila kumwomba mtu ruhusa; kiraka cha asiye nao lazima mwenye nao akikague na kukipokea. Kanuni yao ilikuwa moja tu. Mtu mmoja akipinga, akaleta ushahidi, mgeni hapati. Akipinga bila ushahidi, "huo ni upepo wa tumbo," Ansgar alipenda kusema, "tunafungua dirisha, tunaendelea."

Hadi Alhamisi, Wiebke alikuwa na upepo mtupu. Alhamisi ikaja barua.

Iliandikwa na Roswitha Hülsmann, mtunza nyaraka wa mji mdogo uitwao Altenrode. Alikuwa ametumia programu yao, Schleuse, ambayo kazi yake ni kunakili mafaili kutoka mashine moja kwenda nyingine. Barua haikuwa na tusi hata moja, na hilo ndilo lililomchoma Wiebke. "Niliusoma ukurasa wenu wote kabla ya kugusa chochote," aliandika, "kwa kidole, mstari kwa mstari, kama nilivyofundishwa. Hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba amri ile itafuta. Tarehe tisa Juni nimepoteza sauti za vikongwe kumi na saba wakizungumza lahaja yetu. Kumi na wanne wangali hai, nitawarudia. Watatu tumeshawazika."

Wiebke aliisoma akiwa amesimama jikoni kwake, na chai ikapoa. Bibi yake mzaa mama, kule karibu na Leer, alikuwa na lugha yake ambayo wajukuu waliicheka mpaka ikakosa wa kuijibu. Hakuna mkanda wenye sauti yake. Kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa watatu ni hasara gani.

Lakini onyo lilikuwapo! Aliliona kwa macho yake zaidi ya mara mia: *Amri hii hufuta upande wa pili kila kisichokuwapo upande wa kwanza.* Mama wa watu alikuwa ameweka diski mpya, tupu, upande wa kwanza. Programu ikatii. Swali lilikuwa moja: aliyesoma kwa kidole, mstari kwa mstari, aliurukaje mstari mzito kuliko yote?

Jumamosi saa tatu asubuhi Wiebke alikuwa wa kwanza kupanda ngazi za karakana. Ukutani kulikuwa na mashine tano zimepangwa kama wagonjwa wodini, kila moja na mfumo endeshi wake, maana watu wanaotumia Schleuse hawakukubaliana mfumo mmoja na hawatakubaliana hadi kiama. Juu ya mashine hizo ilibandikwa karatasi iliyogeuka rangi ya manjano, kwa mwandiko wake mwenyewe: ANDIKA KWA AMRI ANAZOZIJUA OMA. Oma, yaani nyanya kwa Kijerumani, ndiyo mashine ya mwisho, kizee kuliko zote, yenye kelele ya kisaga kahawa. Ilichukua dakika sita kuamka na majira ya joto ilikichemsha chumba, kwa hiyo mara nyingi waliiacha imelala.

Ukurasa wa mwongozo hauandikwi kama barua. Ndani yake mna mistari inayoanza kwa nukta, na hiyo si ya kusomwa na mtu. Ni amri kwa mashine. Hapa weka kichwa cha habari. Hapa koza herufi. Balaa ni kwamba kila mfumo una amri zake ulizozaliwa nazo. Mashine ikikutana na amri isiyoijua haiulizi, hailalamiki, haipigi hata kikohozi. Huimeza, pamoja na maneno yote yaliyo kwenye mstari huo, ikaendelea na safari yake kama mtu aliyepita hirizi njiani. Ndiyo maana ya ile karatasi ya ukutani. Kinachojulikana na kizee, wote wanakijua.

Wiebke aliufungua ukurasa kwenye mashine ya kwanza. Onyo lipo, nene, limesogezwa ndani kidogo, linapendeza. Ya pili, lipo. Ya tatu, ya nne, lipo. Alisubiri dakika zake sita, Oma akakohoa, akaamka, akauleta ukurasa.

Onyo hapana. Hapakuwa hata na pengo la kuonyesha kuna kitu kimeng'olewa. Aya ya juu na ya chini zilikuwa zimesogeleana kama watu wanaoficha mwenzao.

Alifungua kumbukumbu ya mabadiliko, pale panapoandikwa nani aligusa nini na lini. Mstari wa onyo ulikuwa umeandikwa upya, na ulianza kwa amri mpya, ya juzi juzi tu, ambayo Oma asingeweza kuijua. Pembeni yake: *Tarehe 14 Mei. Mwandishi: Jaromir Vondrák. Mpokeaji: Wiebke Tjarks.*

Jina lake mwenyewe lilimuuma kama mlinzi aliyepitwa na ng'ombe wa wizi huku ameshika fimbo. Lakini jina la juu yake lilimfurahisha, na furaha hiyo hakujificha nayo. Kumbe! Hakuna haja ya kutoboa tundu la siri ndani ya programu. Unatoa onyo tu, kwenye mashine za wazee tu, zile za maktaba na za halmashauri ambazo hakuna fundi anayezitazama. Kisha unakaa pembeni unaangalia nani ataona.

"We Wiebke!" Ansgar alikuwa mlangoni na beseni la saladi ya viazi kifuani. "Hata kahawa hujanywa, ushamwamsha Oma? Mwache ajuza wa watu alale, nyuzi joto thelathini na tatu leo."

"Oma ameniambia jambo."

"Oma hajasema la maana tangu nimnunue. Njoo unikatie vitunguu."

"Nina ushahidi, Ansgar."

Ansgar aliweka beseni mezani taratibu. Alimjua mwenzake. Mwaka juzi Wiebke alimshuku tarishi kwa wiki tatu, na tarishi alikuwa tarishi kweli. "Sikiliza," alisema, "huyu mtu anasafiri saa tisa nzima ndani ya treni. Umsubiri ale kwanza."

"Atakula. Mimi sitakula naye."

Jaromir alifika saa sita, mrefu, kichwa ameinamisha kidogo kama mtu aliyezoea milango mifupi, na sanduku la vitumbua vya kwao vya jamu ya plamu alivyooka mama yake. Kikundi kile wote waliitana kwa jina la kwanza, hata Irmtraud Oelze mwenye miaka sitini na minane, mtunza barua zao. Mgeni alimfikia Wiebke mikono miwili mbele.

"Bibi Tjarks. Nimefurahi mno."

"Hapa hatuna mabibi. Wiebke."

"Sawa, Bibi Wiebke."

Irmtraud alicheka mpaka akashika ubavu. Wiebke hakucheka. Alikuwa akimtazama mgeni macho, na macho ya mgeni hayakwenda kwenye chakula, wala dirishani, wala kwa watu. Yalikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya tano.

"Oma yuko macho leo?" Jaromir aliuliza.

"Unamjuaje Oma?"

"Nani asiyemjua? Ametajwa kwenye barua zenu zote." Akatabasamu. "Na mimi kule Brno ninaye kama huyu. Mdogo wake."

Wiebke aliliweka neno hilo mahali. Mtu mwenye mashine kama Oma nyumbani anajua Oma anameza nini. Kosa la asiyejua ni kosa. La anayejua lina jina jingine.

Mchana wote alimchunga. Jaromir alisifu saladi, Wiebke akaona anapaka mafuta. Jaromir akaosha vyombo bila kuombwa, Wiebke akavihesabu visu, halafu akajionea aibu kidogo, halafu akavihesabu tena. Mara mbili alimkuta amesimama mbele ya Oma, mikono nyuma, anausoma ukurasa. Mara ya pili alimgeukia kana kwamba ana neno, akafungua mdomo, akaufunga.

"Ulitaka kusema?"

"Hapana, hapana. Ni joto tu."

Saa kumi na moja walikaa. Keki ya plamu katikati, krimu pembeni, nyigu wawili juu ya krimu. Ansgar alisoma jina la mgeni, idadi ya viraka vyake, na akauliza kama kuna anayepinga, kwa sauti ya mtu anayeomba mvua isinyeshe.

"Napinga mimi," Wiebke alisema. "Na ninao ushahidi."

Aliwasomea kwanza barua ya Altenrode, yote. Alipofika kwenye "watatu tumeshawazika", Irmtraud aliweka uma chini. Kisha akaigeuza skrini ya Oma iwaelekee, na ya pili pembeni yake, ili wajionee. Huku onyo, huku hakuna. Mwisho akawaonyesha kumbukumbu ya mabadiliko, na kidole chake kikatua juu ya jina.

"Amri hii Oma haijui. Huyu bwana ana Oma wake nyumbani, kasema mwenyewe mchana, mmesikia. Alijua itamezwa. Aliweka onyo mahali pa kumezwa. Mimi sitaki kusikia habari za bahati mbaya. Bahati mbaya haichagui mstari mmoja kati ya mia nne, tena huo huo unaozuia mtu kufuta maisha yake."

Oma aliendelea kusaga. Uso wa Jaromir ulikuwa umepauka. Alimtazama Wiebke, akatazama keki.

"Jitetee basi, mwanangu," Irmtraud alisema. "Hapa hatuli watu. Huyu anauma tu, hamezi."

"Kumbukumbu imeandikwa jina langu," Jaromir alijibu polepole. "Niseme nini?"

Wiebke alihisi ushindi, na nyuma ya ushindi kitu kingine kisichokaa sawa. Mwizi hujitetea. Mwenye haki hupiga kelele. Huyu hakufanya hata kimoja.

Irmtraud alikuwa ameshainuka. Kikongwe huyo alihifadhi kila barua pepe iliyowahi kuletwa kwa kikundi tangu mwanzo wake, na alikuwa na msemo: kwangu barua hazifi. "Kumbukumbu inasema kilichoingia," alisema akibofya. "Barua inasema kilicholetwa. Tarehe kumi na nne Mei... hii hapa. Kiraka chenyewe, kama kilivyotoka Brno."

Akageuza kompyuta yake.

Onyo lilikuwapo. Neno kwa neno lile lile. Lakini amri zilizotangulia zilikuwa mbili, fupi, za kale, zile ambazo hata mashine za babu zao zilizijua. Oma angelisoma onyo hilo huku amefumba macho.

Hakuna aliyehitaji kumweleza Wiebke, ila alichukua muda kukubali kukumbuka. Kikundi chao kilikuwa na desturi ya heshima, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeianzisha: ukipokea kiraka cha mtu ukakirekebisha hapa na pale, jina lake huliondoi. Sifa imwendee aliyeleta. Kumi na nne Mei alikuwa akiwahi treni ya kwenda Leer, kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake. Alipokea viraka kumi na kimoja mchana mmoja. Akaona hili onyo ni muhimu, linastahili kupendeza, akaziondoa amri mbili za kizee akaweka ile mpya. Kwenye mashine yake lilipendeza kweli. Kulikuwa na joto. Oma alikuwa amelala, na dakika sita alizihitaji kufikia kituoni.

Kwa hiyo heshima aliyompa mgeni ilikuwa imembebesha kosa la mwenyeji.

"Ni mimi," Wiebke alisema. "Mstari huu niliuandika mimi."

"Haya," Ansgar alishusha pumzi, akanyoosha mkono kuchukua kisu cha keki. "Yameisha. Binadamu tunakosea. Tukate..."

"Subiri." Wiebke hakumtazama Ansgar. Kile kisichokaa sawa sasa kilikuwa kimekaa. "Jaromir. Ulipofika macho yako yalikwenda kwa Oma kabla hujavua mkoba. Mchana umesimama pale mara mbili. Ulikuwa unatazama kama onyo limerudi. Sivyo?"

Jaromir alikuwa anamtazama nyigu.

"Uliona lini?"

"Wiebke, basi," Ansgar alisema.

"Nimeuliza uliona lini."

"Ishirini Mei," Jaromir alisema. "Nilipakua toleo jipya. Nikausoma kwenye mashine yangu ya zamani, kama kawaida. Halikuwapo."

Ishirini Mei. Bibi Hülsmann alibonyeza ile amri tarehe tisa Juni. Wiebke hakuhitaji karatasi kuhesabu: siku ishirini.

"Ukanyamaza."

"Jina lilikuwa langu na mkono ulikuwa wako." Sasa Jaromir alizungumza haraka, na lafudhi ya kwao ikamzidi. "Ningeandika nini mbele ya watu wote? Kwamba Wiebke Tjarks ameivunja kanuni ya Wiebke Tjarks? Kila mtu aliniambia, huyo mama ndiye mlango, ukimuudhi huingii. Nikasema ngoja nipate ufunguo, siku ya kwanza tu nitalirudisha mwenyewe, kimya kimya, bila kumwaibisha mtu. Nilidhani ni miezi miwili tu. Nani angedhurika kwa miezi miwili?"

Barua ya Altenrode ilikuwa palepale mezani, kona moja imelowa krimu.

"Nakuelewa, mwanangu," Irmtraud alisema hatimaye, "na ningependa nisikuelewe."

Wiebke alivuta kibodi ya Oma. Mbele yao wote aliifuta amri yake, akazirudisha zile mbili za Jaromir, akausubiri ukurasa uje. Onyo likatokea, jembamba, halina urembo wowote. Kwenye kumbukumbu akaandika: *Kosa la Wiebke Tjarks, tarehe 14 Mei. Jaromir Vondrák hakuhusika na mstari huu.* Kisha akamwambia Irmtraud amtafutie anwani ya nyumbani ya Bibi Hülsmann, kwa sababu kesho angekwenda Altenrode mwenyewe, mlangoni, kusema ni nani aliyemfutia wale watatu. Na kuanzia leo yeye Wiebke asipokee kiraka chochote bila mtu wa pili kumpekua, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Na kura?" Ansgar aliuliza.

"Bado napinga. Ushahidi mmeusikia, tena kwa mdomo wake."

Kanuni ilikuwa kanuni. Ansgar alikunja karatasi ya kura mara mbili, mara tatu, mpaka haikukunjika tena. Jaromir aliinuka, akaanza kukusanya sahani, mkono ukamwishia hewani, akazirudisha mezani.

"Ufunguo hapati, sawa," Ansgar alisema. "Lakini wewe umemwita mtu mhalifu mbele ya keki. Umemshuku muda wote huu kwa jambo ambalo hakulifanya, na lililofanyika ulilifanya wewe. Kwa hilo mwombe radhi. Neno moja tu, Wiebke, tuagane tukiwa watu."

Wiebke alimtazama Jaromir, na Jaromir naye, safari hii, alimtazama yeye sawasawa.

"Kosa langu nimeliandika kwa jina langu, na kesho nitalipigia magoti Altenrode," alisema. "Huko nitaomba radhi mpaka wanifukuze. Ila kumshuku huyu? Ningemwamini kama nyinyi, leo saa hizi angekuwa na ufunguo, angelirudisha onyo kimya kimya, na yule mama angeambiwa hakusoma vizuri. Nilikosea alichofanya. Sikukosea kumtazama."

"Neno moja, Wiebke."

"Siombi."